Bei ya Kubonyeza

Kadi mia mbili nilichapisha kwa Msangi, kwa deni:
FUNDI KOMPYUTA. TUNAKUJA ULIPO.
Hiyo "tunakuja" ni mimi peke yangu
na begi la shule la mdogo wangu Zamoyoni,
jina lake bado limo ndani, kwa wino wa bluu.
Bisibisi sita, moja imeliwa ncha.
Brashi ya rangi ambayo haijawahi kuona rangi.
Flashi mbili. Kipande cha kanga kuukuu,
maana hakiachi nyuzi.

Wiki ya kwanza simu iliita mara tatu.
Mmoja alitaka chaja ya pini ndogo.
Mmoja alikosea namba, tukasalimiana hata hivyo.
Wa tatu alikuwa mama, anajaribu kama inaita.

Kisha Tabata Segerea, stesheneri ya Bi Shukuma.
Nafungua tumbo la mashine: sisimizi.
Mji mzima, na barabara zake, na mayai
yamepangwa juu ya ubao kama mchele uliochambuliwa.
"Wamefuata joto," nikasema.
"Wamefuata andazi," akasema, akimtazama kijana wake.
Nikapuliza, nikapangusa,
nikawahamisha bila fidia.
Mlangoni foleni ya wanafunzi na vyeti vya kuzaliwa mkononi,
wananikodolea macho
kana kwamba mimi ndiye wizara.

Na Upanga. Ghorofa ya nne, lifti imelala.
Mama Rukonge, mhasibu mstaafu, akanipokea
kwa sauti ya msibani: "Imekufa tangu Jumanne."
Nikapiga magoti nyuma ya meza.
Ile swichi ndogo ya kisogoni, yenye sifuri na mstari,
ilikuwa kwenye sifuri.
Deki ya asubuhi, nadhani, iliipitia.

Kidole kilikwishafika.
Hapo bosi wangu wa zamani akaninong'oneza,
yeye yuko Kariakoo, mimi niko uvunguni Upanga:
Mwambie ubao umeungua. Ondoka nayo.
Ilaze siku mbili. Laki na ishirini.
Miaka minne nilimsikia
akiziua mashine nzima kwa mdomo
na kuzifufua kwa risiti.
Bajaji ya kuja, elfu sita.
Kodi ya chumba Buguruni, tarehe tano.
Leo tarehe tatu.

Nikabonyeza.

Feni ikakohoa. Kioo kikawaka,
kikaleta picha ya Peugeot nyeupe, milango wazi, hakuna mtu.
Mama Rukonge akacheka mpaka akakaa.
"Ni hiyo tu?"
"Ni hiyo tu."
"Sasa nilipe nini? Kidole?"

Sikuwa na jibu. Nikasema nauli,
na chochote kwa ajili ya ngazi.
Akaleta elfu kumi na tano na chai ya tangawizi,
akasema, "Niandikie risiti."
Sina risiti.
"Daftari?"
Sina daftari.
Akanitazama
kama nilivyowatazama wale sisimizi.
"Mwanangu, biashara yako nayo
imezimwa kwa nyuma."

Akavuta rula. Mistari yake haitetemeki, mikono yake inatetemeka.
Tarehe. Mahali. Nauli. Vipuri. Kazi iliyofanyika. Malipo.
"Nauli si faida, usiile.
Na anayekudai muandike kabla ya unayemdai."
Akajaza mstari wa kwanza yeye mwenyewe.
Kwenye safu ya kazi nilitegemea kuona: kubonyeza.
Akaandika: Kuja. Kutazama. Kusema kweli.
Akafikiri kidogo, akakata hilo la mwisho.
"Hilo halina bei," akasema, "litakuchanganyia hesabu."

Nikashuka ngazi na daftari ndani ya begi la Zamoyoni.
Ghorofa ya pili umeme ukakatika,
nikashika ukuta, nikaendelea.

Ukurasa wa pili unaanza hivi:
Msangi, kadi mia mbili, elfu thelathini.
Bado.